Kimelea cha Malaria Hufunga Mzigo Mapema: Kwa Nini Mtoto Aliyepona Bado Alale Ndani ya Neti

Leo tunazungumza juu ya malaria. Najua utasema malaria tumeisikia hadi masikio yamechoka. Lakini leo tutaingia ndani ya kimelea chenyewe tuone kinavyofanya kazi zake, kwa sababu kuna maswali ambayo akina mama huuliza kila mara, na majibu yake yamejificha humo ndani.

Swali moja ni hili. Mtoto alishikwa na homa, akapimwa, akapatikana na malaria. Akapewa dawa, akaimaliza. Siku ya nne anakimbia na wenzake uwanjani. Baada ya wiki moja damu yake inatazamwa tena kwa darubini kwa sababu nyingine, na mhudumu anasema, "Bado kuna vimelea, lakini hivi si vya kumfanya augue." Mama anatoka pale kichwa kikizunguka. Je, dawa ilikuwa bandia? Mtoto amepona au hajapona?

Amepona. Lakini damu yake bado imebeba kitu, na kitu hicho hakimtafuti yeye. Kinamtafuta mbu, na kupitia kwa mbu kinamtafuta ndugu yake anayelala kitanda cha pili, au mtoto wa jirani.

Ili tuelewe jambo hili, hebu kwanza tuzungumze kidogo juu ya jeni. Usiogope neno hilo. Kila kilicho hai, awe mtoto wako, kuku wako au mgomba ulio nyuma ya nyumba, kina maagizo ndani yake yanayoeleza namna ya kujijenga na kufanya kazi. Maagizo hayo ndiyo jeni. Yafikirie kama kitabu kikubwa kilichofungiwa katika chumba. Kimelea cha malaria ni chembe moja tu, huwezi kukiona kwa macho, hakina mdomo wala mguu, lakini nacho kina kitabu chake. Wanasayansi walikamilisha kusoma kitabu cha kimelea kinachosumbua zaidi hapa kwetu, plasmodiamu falsiparamu, mwaka 2002. Walikuta jeni zipatazo 5,300. Binadamu ana jeni kama 20,000. Kwa hivyo kwa kitu kidogo namna ile, maagizo yake si haba.

Kitabu chenyewe hakitoki chumbani. Kunapokuwa na kazi ya kufanya, ukurasa unaohusika hunakiliwa, na nakala hiyo ndiyo hutoka nje kwenda mahali pa kazi. Pale inasomwa, na kutokana nayo kimelea kinatengeneza protini. Protini ndizo zinazofanya kazi: kushika chembe nyekundu ya damu, kula, kujivika koti, kutoroka.

Sasa ungedhani kwamba nakala ikishatolewa, kazi inaanza mara moja. Kwa mambo mengi ni hivyo. Lakini vimelea hivi vya chembe moja vina tabia ya kutoa nakala na kuizuia isisomwe. Nakala ipo, imeandikwa vizuri, lakini imefungwa na kuwekwa kando hadi wakati wake ufike. Uamuzi mkubwa unafanywa baada ya kunakili.

Kimelea cha malale, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o, kimeishika tabia hiyo hata zaidi. Chenyewe ni kama mashine ya kutoa nakala isiyoweza kuchagua ukurasa. Kinanakili jeni nyingi kwa mfululizo mmoja mrefu, kisha kinazikata vipande, halafu ndipo kinachagua ni nakala ipi itunzwe na itumike, na ni ipi ichanwe. Ndivyo kinavyobadilisha koti lake kikitoka kwa mbung'o na kuingia katika damu ya mtu au ng'ombe. Wazee wa Bonde la Lambwe, kule Homa Bay, wanaujua ugonjwa huo vizuri. Habari njema ni kwamba mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa Kenya imeondoa malale ya binadamu kama tatizo la afya ya umma. Malaria bado tunayo, kwa hivyo turudi huko.

Mama, kumbuka ulipokuwa na mimba ya miezi minane. Kwenye kliniki uliambiwa uandae mfuko wa kwenda nao hospitali. Ukaweka leso mbili, pamba, nguo za mtoto, sabuni, beseni, na pesa kidogo za gari. Ukaufunga, ukauweka pembeni ya kitanda. Hukuufungua kila siku kuvaa leso zile, maana si za siku za kawaida. Na uchungu ulipoanza usiku wa manane, hukuwa na nafasi ya kwenda dukani. Ulibeba mfuko ukaondoka.

Kimelea jike cha malaria hufanya hivyo hivyo. Tuone jinsi kinavyofika hapo.

Mbu wa kike aina ya anofelesi akimuuma mtoto, anamwachia vimelea vichache pamoja na mate yake. Vimelea hivyo hukimbilia ini, vikakaa huko kama wiki moja vikizaana bila dalili yoyote. Kisha vinatoka kwa maelfu na kuingia katika chembe nyekundu za damu. Humo kila kimoja hula, hukua, hugawanyika, hupasua chembe na kuingia katika nyingine. Mzunguko huo huchukua kama saa 48. Hapo ndipo homa, kutetemeka, kutapika na upungufu wa damu hutokea. Hivi ndivyo vimelea vinavyoua watoto.

Lakini katika kila mzunguko, wachache huacha njia hiyo. Badala ya kugawanyika, wanageuka kuwa madume na majike. Hawa hukua polepole, siku 10 hadi 12, wengi wao wakiwa wamejificha ndani ya uboho wa mifupa. Wakikomaa hutoka na kuzunguka katika damu ya kawaida, karibu na ngozi, wakisubiri kunywewa na mbu. Ukiwatazama kwa darubini wana umbo lililopinda kama mundu. Hata jina falsiparamu limetokana na umbo hilo. Katika kipindi chetu cha leo tutawaita vimelea vya mundu.

Vimelea vya mundu haviongezeki katika damu, havipasui chembe, wala havileti homa. Mtoto mwenye navyo anaweza kula vizuri, kucheza na kwenda shule. Ndiyo maana wengi hawana habari kwamba wanavyo.

Basi, wakati jike la mundu linakomaa ndani ya damu ya mtoto wako, linafunga mfuko wake. Linanakili mamia ya kurasa za maagizo ambayo halina haja nayo hata kidogo likiwa ndani ya mtu. Nakala hizo ni za mambo ya tumboni mwa mbu: namna ya kukua baada ya kukutana na dume, namna ya kutambaa, na koti la kujikinga lisimeng'enywe. Kisha linazifunga kwa protini zinazozishika na kuzizuia zisisomwe. Zinakaa hivyo kwa siku nyingi. Mbu asipokuja, jike linakufa na mfuko wake haujafunguliwa.

Mbu akija na kunywa, mambo hubadilika kwa dakika. Damu ilikuwa na joto la nyuzi 37, sasa imepoa na kufikia joto la mbu, ambalo ni la hewa ya usiku. Tumboni mwa mbu kuna kemikali nyingine na hali nyingine. Kimelea kinajua kimefika. Dume linatoa nyuzi hadi 8 zinazochapa kama mijeledi, na kazi hiyo yote huisha katika robo saa hivi. Daktari mmoja Mfaransa, Alphonse Laveran, ndiye aliyeziona nyuzi hizo kwa mara ya kwanza mwaka 1880, akiwa Algeria, katika tone la damu ya askari mgonjwa. Leo tunaelewa alichokiona. Damu ilikuwa imepoa juu ya kioo, na kimelea kikadhani kimekwisha kunywewa na mbu.

Jike nalo linafungua mfuko. Nakala zinaachiliwa na kusomwa. Mojawapo ya protini za kwanza kutengenezwa inaitwa P25, na nyingine P28, nazo hufunika mwili wa kimelea kama koti. Jike likisharutubishwa lina muda wa kama siku moja tu wa kugeuka na kuwa kimelea kirefu kinachotambaa na kutoboa ukuta wa tumbo la mbu. Likichelewa, linamezwa pamoja na damu iliyonyweka, kama chakula kingine chochote. Sasa unaona kwa nini lilifunga mzigo mapema.

Tunajuaje mambo haya? Mwaka 2006 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Leiden kule Uholanzi, walichapisha kazi waliyofanya na kimelea cha malaria ya panya. Kimelea hicho, kwa njia, kilipatikana kwanza katika panya wa msituni wa Katanga, Kongo, mwaka 1948. Watafiti hao waliondoa jeni ya protini moja inayoshika nakala zilizofungwa. Bila protini hiyo, angalau aina 370 za nakala hazikuhifadhiwa, zilichanwachanwa. Jike lilikomaa kama kawaida, kwa macho halikuwa na kasoro, lakini lilipofika kwa mbu mfuko ulikuwa mtupu, na likakwama pale pale. Protini hiyo waliipa jina la DOZI. Nasikia ukicheka. Ni kifupi tu cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuzuiwa kukua, haihusiani na dozi yako ya vidonge. Katika kimelea cha binadamu kuna mlinzi mwingine aitwaye Puf2, ambaye ameonekana akizishika nakala za P25 na P28.

Jambo hili limewapa wanasayansi wazo. Kwa kuwa P25 haitengenezwi ndani ya mtu, mwili wa mtu hauijui, na haujawahi kujizoesha kupigana nayo. Kimelea nacho hakijapata shida ya kuificha. Ikiwa mtu atachanjwa kwa P25, mwili wake utatengeneza kinga dhidi ya kitu ambacho hakimo ndani yake, na mbu atakapomuuma atainywa kinga hiyo pamoja na damu, nayo itakishika kimelea huko huko tumboni mwa mbu. Chanjo za namna hiyo zimejaribiwa kwa watu katika utafiti, lakini si hiyo unayoikuta kliniki. Chanjo ya malaria ambayo Kenya ilianza kuwapa watoto mwaka 2019, tukianzia Homa Bay, hupigana na vile vimelea vinavyoingia kwa mate ya mbu kabla havijafika kwenye ini. Vimelea vya mundu haivigusi. Mpeleke mtoto akachanjwe dozi zote kama mhudumu atakavyokuandikia katika kitabu cha mama na mtoto, na umrudishe ndani ya neti usiku uo huo.

Safari ya kimelea haijaisha. Kikishatoboa ukuta wa tumbo la mbu, kinajijenga nje yake, kinazaana, na maelfu ya vimelea vipya huogelea hadi kwenye tezi za mate. Kwa hali ya hewa yenye joto kama ya Kisumu au Kilifi, shughuli hiyo huchukua siku 10 hadi 14 hivi. Na huko kwenye mate, kimelea kinarudia ujanja ule ule. Kina nakala za kazi ya kwenye ini, lakini kimepunguza usomaji wake, kinangoja. Huenda kingoje siku nyingi kabla mbu hajapata mtu. Watafiti walipokinyima kimelea cha panya protini inayosimamia ngojangoja hiyo, vimelea vilianza kugeuka kuwa vya ini vikiwa bado ndani ya mbu. Vilipochomwa kwa panya, uwezo wao wa kumwambukiza ulikuwa umeshuka sana. Kufungua mfuko kabla ya wakati ni hasara sawa na kutoufunga.

Ebu sasa tuone haya yote yanakuhusu vipi wewe mwenye mtoto mgongoni na sufuria jikoni.

Tukumbuke zile siku 10 hadi 12 za kukomaa. Dawa ya malaria tunayotumia hapa Kenya, ile ya AL ambayo vituo vya serikali vilianza kuitoa mwaka 2006, inaua vimelea vya homa, na inaua pia vimelea vya mundu vikiwa bado vichanga. Lakini vile vilivyokomaa, vyenye mfuko uliofungwa tayari, vingi huponyoka. Vimetulia, havili sana, havigawanyiki, kwa hivyo dawa haina pa kuvishika. Vinaweza kubaki katika damu kwa siku kadhaa, hata wiki kadhaa, hadi vife vyenyewe.

Kwa hivyo mtoto aliyepimwa na kutibiwa siku ile ile homa ilipoanza, au kesho yake, anakuwa na vimelea vya mundu vichache sana, au hana kabisa. Mtoto aliyekaa na homa ya kuja na kuondoka kwa wiki mbili, akipewa panadol na maji ya mwarobaini, amevipa nafasi ya kukomaa. Hata akitibiwa baadaye na kupona, mbu watakaomuuma wiki ile watakuwa na cha kubeba. Nimesikia mama akisema, "Nilingoja nione kama itaisha yenyewe." Ninamwelewa, kituo kiko mbali na nauli haipo. Lakini anayelipia kungoja huko si mtoto huyo peke yake. Homa ikianza, mpeleke apimwe ndani ya saa 24. Ikiwa kijijini kwako kuna mhudumu wa afya ya jamii mwenye kipimo, anza kwake.

Kuna ujanja mwingine wa kimelea unaohusu kumaliza dawa, nao pia ni wa nakala. Dawa ya AL ni dawa mbili katika kidonge kimoja. Ya kwanza, artemeta, hupiga kwa nguvu lakini hukaa mwilini kwa saa chache tu. Ya pili, lumefantrini, ni ya polepole na hukaa siku kadhaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba vimelea vichanga vya damu vikikutana na dawa za jamii ya artemeta, baadhi yao hubonyeza swichi ya kusimamisha usomaji wa nakala zote. Havitengenezi kitu. Vinalala. Dawa inapita, navyo vinaamka.

Hebu fikiria mama ambaye mtoto wake ameanza kucheza siku ya pili. Anaona amepona, anaviweka vidonge vilivyobaki juu ya kabati kwa ajili ya mtoto mwingine. Vimelea vilivyolala vinaamka na kukuta dawa imepungua mwilini. Homa inarudi baada ya wiki mbili au tatu, na mama anasema dawa za siku hizi hazina nguvu. Tena, kwa majirani zetu wa Uganda na Rwanda kumeonekana vimelea vyenye mabadiliko ya jeni yanayovisaidia kustahimili artemeta na ndugu zake. Dozi zinazoachwa katikati zinavisaidia vimelea vya aina hiyo.

AL hunywewa mara 6 kwa siku 3. Ya pili hunywewa saa 8 baada ya ya kwanza, hata kama ni usiku na mtoto amelala. Mwamshe. Zinazobaki ni asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mpe pamoja na chakula, maziwa, uji wenye maziwa au titi, kwa sababu lumefantrini inahitaji mafuta kidogo ili iingie mwilini vizuri. Akitapika ndani ya nusu saa, mrudishie dozi hiyo, kisha urudi kituoni uongezewe kidonge cha kujazia. Akitapika kila kitu, akishindwa kunyonya au kunywa, akipata degedege, akipumua kwa shida, akilegea au viganja vyake vikiwa vyeupe, usingoje dozi ya kesho. Mkimbize hospitali hata kama ni usiku.

Sasa neti. Mbu aliyemuuma mtoto mwenye vimelea vya mundu leo hawezi kuambukiza mtu kesho. Lazima aishi zile siku 10 hadi 14, na katika muda huo anahitaji kunywa damu tena kila baada ya siku 2 au 3. Maana yake ni kwamba anarudi nyumbani kwenu mara nne au tano kabla hajawa hatari. Mbu wengi hufa kabla ya hapo. Ukiwa na neti yenye dawa, kila safari anayokuja kutua juu yake ni nafasi nyingine ya yeye kufa. Hivyo neti ya mtoto aliyepona haimkingi yeye tu asiumwe na mbu mwingine. Inamzuia mbu asichukue mzigo kutoka kwake.

Na hapa ndipo wengi wetu hukosea. Neti hupewa mtoto mchanga, akianza shule ananyang'anywa. Watoto wa shule za msingi, miaka 5 hadi 15, ndio mara nyingi hubeba vimelea bila homa, kwa sababu miili yao imezoea ugonjwa. Hawalali kitandani kwa mama tena, wanalala kwenye mkeka sebuleni, na hakuna anayeangalia kama wamefunikwa.

Tumalizie na maswali machache yaliyo sawa na yale tunayoletewa mara kwa mara.

Mama mmoja anauliza: mtoto ameonekana na vimelea vya mundu baada ya kumaliza dawa, je, apewe dozi nyingine? Ikiwa hana homa na mhudumu ameona vya mundu peke yake, kwa kawaida AL hairudiwi, kwa sababu haitaviua. Lakini homa ikirudi, mpeleke apimwe upya, na useme wazi ni dawa gani alikunywa na ni lini.

Mwingine amesikia kuna dawa inayoua vimelea vya mundu. Ni kweli, inaitwa primakwini, na mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi moja ndogo ya dawa hiyo itumike katika baadhi ya maeneo. Si dawa ya kununua dukani ukampa mtoto kwa kubahatisha. Watu wengine huzaliwa na damu isiyoistahimili vizuri, na watoto wachanga wa chini ya miezi 6 hawapewi. Mwachie daktari.

Baba mmoja anauliza kama damu ya kupimwa shuleni inaweza kuonyesha nani ana vimelea vya mundu. Mara nyingi ni vichache mno katika tone moja, hata darubini haivioni, ilhali vinamtosha mbu. Ndiyo sababu hatuwezi kusema huyu alale ndani ya neti na yule asilale.

Na nyanya mmoja anasema ana neti mbili na wajukuu watano, nani aingie? Nyanya, wa kwanza ni mjamzito aliyeko nyumbani na watoto wa chini ya miaka mitano, maana hao ndio malaria huwaua haraka. Lakini neti moja hutosha watu wawili, na watoto wadogo hata watatu wanaweza kubanana. Tandika mikeka miwili ikaribiane, ning'iniza neti katikati, uichomeke chini ya mkeka pande zote. Ikiwa na tundu, ishone kwa uzi na sindano jioni hii, usingoje nyingine. Na katika kaunti zenye malaria nyingi, neti hutolewa kliniki kwa mama mjamzito na kwa mtoto mchanga. Binti yako akienda kliniki juma lijalo, mwambie aulize ya kwake kabla hajatoka mlangoni.